Msiba wa Tembe

Wageni wanaofika kijijini kwetu, upande wa Mvumi, hupiga picha kanisa la mawe, kisha huondoka. Sijawahi kuona hata mmoja akigeuka kulitazama tembe la bibi, nyumba ya udongo iliyoinama chini, paa lake bapa la miti na udongo. Lilikuwa la mwisho pale kijijini. Baba alizaliwa humo, na ng'ombe walilala uani, katikati ya vyumba.

Aliyeliua ni baba mdogo, na aliliua kwa upendo. Moshi ulikuwa unamtoa bibi machozi, basi akamjengea jiko la bati nje. Sote tulimsifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba moshi ule ule ndio uliokuwa ukifukuza mchwa. Mafiga yalipopoa, mchwa wakapanda nguzoni. Mvua zikaja, udongo wa paa ukalowa, chumba kimoja kikaporomoka.

Baba mdogo alitaka libomolewe kabla halijaua mtu. Sisi wengine tukambishia: bibi ni mzee, tusubiri afe kwanza. Eti hiyo ndiyo heshima! Bibi alikuwa anatusikia.

"Bomoeni nikiwa hai," alisema. "Nikifa mtanililia mimi. Nyumba italiliwa na nani?"

Siku yenyewe alitandika mkeka nje, akajifunga khanga kiunoni, akakaa. Baba mdogo akapiga sururu ya kwanza ukutani. Bibi akaangua kilio, kwa sauti, kwa Kigogo, akitaja chumba baada ya chumba: hapa nilijifungua, hapa mume wangu alikata roho. Kusema kweli nilitaka kucheka. Halafu nikageuka pembeni, nisionekane nikilia.

Wanawake wa jirani wakasikia. Walipoona ukuta ulivyopasuka hawakuuliza nani amefariki. Wakarudi makwao, wakaja na kuni vichwani na unga wa uwele, kama tufanyavyo msibani, wakaketi naye mkekani.

Baba mdogo akashindwa. Akaweka sururu chini, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nisamehe. Niache hivi hivi?"

Bibi akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Maiti haiachwi juani, mwanangu. Kamalizie."

Baba mdogo akainuka, akaishika tena sururu. Wanaume wote tuliokuwepo tukamfuata, tukapokezana majembe, kama tunavyofanya makaburini.