Sindano bila dawa

Leo mama mukubwa amenichosha kabisa.

Goti inamuuma tangu mwaka jana, hatembei bila fimbo. Nikamutoa Kabambare kwa pikipiki mupaka hapa Kasongo, kwa muganga mumoja mwenye kutibu na sindano za Kichina. Watu wanasema zinasaidia magoti, mugongo, hata kichwa yenye kuuma kila siku.

Muganga akamuchoma sindano sita, nyembamba kama unywele. Mama akaziangalia.

"Dawa iko wapi?"

"Mama, haina dawa," muganga akamujibu. " Ni sindano tu."

"Sindano bila dawa? Hata fundi wa nguo anatiaka uzi."

Nikaeleza. Muganga akaeleza. Wagonjwa wengine wakacheka, mimi nikakosa pa kuficha uso.

Alipotolewa sindano ya mwisho, akasimama na kutoka na hasira. Akapita soko nzima akinung'unika, mimi nyuma ninamufuata mbio.

Sasa amekaa kwenye baraza yangu, anaambia kila jirani kwamba haikumusaidia kitu.

Ninyi mungemujibu nini?

Maana ananituma nirudi kwa muganga. Amesahau fimbo yake kule.