Alama Mbili Nilizojipa

Nakumbuka Ijumaa moja nikiwa kidato cha nne, huko Mwala, mwalimu wetu wa Kiingereza alitugawia vipande vya karatasi. Kila mmoja ajipe alama za kuongea, kumi ikiwa ndiyo ya juu. Waliojipa tano kwenda juu angewafanyisha mazoezi ya usaili wa chuo cha uuguzi. Mwanangu, uuguzi ndio niliokuwa nikiuota tangu utotoni. Nikaandika mbili. Si kwamba niliamini ni mbili. Niliogopa wenzangu wangesema najiona. Nilidhani kujidunisha ndiyo adabu. Jioni majina yalisomwa, langu halikuwamo. Majuto ni mjukuu, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda Wamunyu kwenye karakana ya mjomba wangu, mchongaji, ambako nilizoea kupiga vinyago msasa. Desturi ya pale ilikuwa kali: kinyago hakiendi kwa mnunuzi kabla aliyekichonga hajasema mbele ya wenzake ni wapi pazuri na ni wapi pameharibika. Aliyesema "kibaya tu" alirudishiwa kazi yake sawa na aliyesema "kizuri tu", maana wote wawili hawakuwa wamekitazama. Nilipomsimulia mjomba habari ya zile alama, aliacha kuchonga.

"Wewe umejipima ama umejificha?" aliniuliza. "Kiingereza yako iko na uzuri gani, na iko na makosa gani? Sema vile sisi husema hapa."

Nikasema: naelewa ninachosikia, nasoma vizuri, ila mdomo wangu unachelewa, na nikitazamwa natetemeka.

"Sasa hiyo ndiyo ukweli. Jumatatu pelekea mwalimu, hata kama utatetemeka."

Yule mzee hakujua kubembeleza mtu! Jumatatu nilimfuata mwalimu, nikamweleza yote yale kwa Kiingereza changu cha kusitasita. Sikukimbilia Kiswahili hata nilipokwama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mtu wa alama mbili hangeweza kunieleza haya," alisema. "Mazoezi ni saa kumi. Usichelewe."

Siku ya usaili nilikosea maneno kadhaa, nikajirekebisha, nikaendelea. Chuo kilinichukua, nami nikawauguza watu hadi nilipostaafu.

Basi, mwanangu, ukipewa nafasi ya kujipima, usijipe alama ya woga wala ya majivuno. Taja unachokiweza bila haya, taja kinachokushinda bila kulia, kisha umtafute wa kukusaidia. Mficha uchi hazai. Na usingoje woga uishe ndipo ufungue mdomo. Mimi wangu haujaisha mpaka leo, lakini naongea.

Mungu akupe jicho la kujiona ulivyo, na ulimi usiorudi nyuma. Nenda, mwanangu, ukaongee.