Chumba cha Kumlaza Mama

Mimi nina kinyaa tangu utotoni. Kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu sikinywei, hata kiwe cha ndugu yangu. Kwa hiyo daktari aliponiambia mama alale pasafi kwa siku saba, jicho lisiguswe na maji wala uchafu, nilijua kazi hiyo ni yangu hasa. Mama alikuwa na jicho moja tu. La kushoto lilikufa zamani. Hili la kulia ndilo lililotolewa mtoto wa jicho.

Sisi watu wa Mgogoni, mbali na mji, na kila asubuhi alitakiwa hospitali ya Chake Chake kuangaliwa. Basi nikamwacha kitini hospitalini, nikaingia mji wa zamani kutafuta chumba.

Nyumba ya wageni ya kwanza, lo! Ukutani kunguni wamepondwa kwa vidole, michirizi ya damu imekaukia kwenye chokaa. Sabuni imegandwa na nywele, na si za kichwani. Mwenyewe ananiambia, "Hiki ndicho chumba chetu cha heshima, bibie." Heshima! Nilitoka nimeziba pua kwa mtandio.

Ya pili ilikuwa nyuma ya msikiti. Sakafu inanukia dawa, shuka zimeanikwa juani, chandarua cheupe pepe. Mhudumu mwenyewe alivua viatu mlangoni. Nikasema hapa hapa, nikaenda kumchukua mama. Mama keshalala, begi liko chini ya kitanda, mara hodi: shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Chake hakufichiki kitu.

"Mna kwenu mji huu, mwalala nyumba ya kukodi kama watalii? Watu watasemaje, wifi yangu nimemtupa?"

Akalia, kweli kweli. Begi keshalitia kichwani. Nami, na ukali wangu wote, nikanywea. Nikamshika mama mkono tukamfuata.

Nyumba ya shangazi ni ya kale, nzuri ukiipita njiani. Ndani, popo wanakojoa kutoka darini, kuku wanalala uvunguni, na mto una utando wa mafuta ya vichwa vya watu sijui wangapi. Nikatandika shuka zangu. Nikafukuza kuku, wakarudi. Hata uji nilishindwa kuumaliza, na shangazi ananihimiza, "Kunywa mwanangu, hapa kwenu."

Siku ya tatu nilikuwa namtia mama dawa, machozi yakamchuruzika. Shangazi alikuwa uani anapaa samaki. Akaja mbio kwa huruma, akakamata pindo la kanga aliyofutia mikono, magamba bado yameng'ang'ania, akalipeleka jichoni.

Mama, jicho limejaa dawa haoni kitu, akarudisha kichwa nyuma. Akaniuliza mimi.

"Kisafi hicho kitambaa, mwanangu?"

Shangazi akanitazama, mkono uko hewani. Usoni mwake hamna ila mapenzi. Harufu ya samaki ilinifika mpaka kooni.

"Kisafi, mama," nikasema.

Jicho lilivimba, likatoa usaha, na halikuokoka. Shangazi hadi leo hajui. Mama hamlaumu mtu. Wageni wakimuuliza, huwaambia ni kadari ya Mungu tu, maana alitunzwa kwa usafi mtupu. Yeye hakuona, lakini aliuliza, na mwanawe alikuwapo akamwambia.