Wafadhili Walipokuja Temeke

Nilipoolewa na kuletwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilidhani ninakuja kukaa mjini. Mume wangu alikuwa karani bandarini, na kwetu Songea karani wa bandarini alihesabiwa mtu mzito. Kumbe uzito wenyewe uliishia Temeke, kwenye chumba kimoja cha nyumba ya udongo, na maji ya kununua kwa debe. Nililia kidogo, kisha nikazoea, kisha nikapapenda. Sababu kubwa ya kupapenda ilikuwa mama mwenye nyumba.

Alikuwa Mzaramo, mjane, mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti. Ndiye aliyeongoza chama cha ngoma cha wanawake wa mtaa wetu, na akipita sokoni hata wauza samaki walipunguza kelele. Mie niliyekuja sijui hata kusonga ugali wa muhogo, alinichukua kama mwanawe. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenikanda maji ya moto mpaka nikapiga mayowe.

Kila Jumatano alikuja nesi mmoja wa serikali, binti wa Kimakonde aliyesomea ukunga kwenye misheni ya kusini. Alikuja na baiskeli, begi la dawa limefungwa nyuma, akakaa barazani kwetu kutazama watoto na wajawazito. Mizani hakuwa nayo. Tuliazima ya Mhindi mwenye duka la pembeni, ile aliyopimia mchele, tukatandika kanga kwenye sahani yake na kumlaza mtoto juu. Mhindi hakukataa hata mara moja, ila alitaka irudi kabla ya wanaume kutoka kazini, maana hapo ndipo wateja wake wa mchele walipofika. Na kwa kuwa nilisoma kwa masista, nesi alinifanya msaidizi wake wa kuita majina na kuandika uzito.

Wakati wa kiangazi mambo yalikwenda vizuri. Masika yalipoingia, baraza likawa dimbwi. Wanawake walisimama wamebanana ukutani, watoto wanakohoa, nesi anafungua chupa za dawa huku maji yanamdondokea kisogoni. Wajawazito aliwatazamia chumbani kwa mama mwenye nyumba, juu ya kitanda chake mwenyewe.

Siku moja, akikamua maji kwenye kilemba chake, nesi alisema, "Mjini kuna mabibi wa Kizungu wenye mfuko wa hisani. Wanacheza dansi, wanauza keki, fedha wanazigawa kwa kliniki ndogo ndogo. Lakini lazima waombwe."

"Waombwe?" Mama mwenye nyumba alimtazama. "Mie sijaomba kitu tangu nizaliwe."

"Basi hutaomba wewe, mama. Itaomba kliniki."

Mama alisema kwanza tuanze na serikali, maana kodi ya kichwa inakusanywa kwetu, si kwa wauza keki. Tukaenda watatu ofisini kwao. Bwana mkubwa wa ofisi alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha vitabuni kwamba bajeti ya mwaka imefungwa.

"Imefungwa na nani?" aliuliza mama. "Na ufunguo anao nani?"

Nesi alimkanyaga mguu. Lakini yule bwana alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotusaidia, maana kabla hatujatoka alituahidi kiwanja karibu na soko. Serikali ingetoa ardhi, sie tujitafutie nyumba ya kuweka juu yake.

Ikabaki mabibi wa keki. Barua ya maombi aliiandika mume wangu kwa Kiingereza, kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba yeye alizoea barua za meli na mizigo. Nesi alipoisoma alicheka mpaka akakaa chini, akasema inasomeka kama tunadai makasha yaliyopotea baharini. Mume wangu alinuna. Nesi aliiandika upya, akaacha sentensi moja ya mume wangu ili asikasirike zaidi, na baada ya majuma kadhaa jibu likaja kwamba mabibi wangekuja wenyewe kutuona, Jumamosi.

Sijawahi kuona Temeke ikipata kazi kama juma lile. Mama aliamuru barabara ifagiwe mpaka ilipokata kona. Viti viliazimwa nyumba hadi nyumba. Chama cha ngoma kilishona sare mpya, mbuzi akanunuliwa, sufuria ya pilau ikatoka kwa watu wa harusi. Wenye dhahabu walivaa dhahabu, na wasio nayo waliazimwa na wenye nayo. Watoto waliogeshwa, wakapakwa mafuta ya nazi waking'aa kama vyungu vipya. Wenye homa, wenye matumbo yaliyovimba na wenye surua walifungiwa ndani. Nani atamtoa mtoto mgonjwa aangaliwe na wageni? Atapata kijicho bure. Mwanangu alikuwa na upele kichwani, nikamvika kofia ya sufu katika jua lile.

Walikuja na magari mawili. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye kofia ya majani, mwenyekiti wa mfuko. Tulipiga vigelegele, tukacheza, wakala pilau, wakaongeza. Walibeba watoto mmoja mmoja wakawafinya mashavu. Kisha yule mwenyekiti, kwa kinywa cha nesi, akauliza, "Mngependa kutueleza shida zenu?"

Mama mwenye nyumba alitabasamu. "Shida? Hatuna shida yoyote. Karibuni chakula."

Nesi alimtazama kwa macho ya kusihi. Mama hakuyaona, au alijifanya hayaoni. Kwake yeye, mgeni hapewi shida wakati mkono wake umo kwenye sahani. Angeambiwa baadaye, akishiba, akipewa kahawa. Lakini kahawa ilipokuja mabibi walikuwa wameshatazama saa zao. Waliondoka wakipunga mikono, nasi tukapunga, tukaamini kliniki tumeipata.

Jumatano iliyofuata nesi alishuka kwenye baiskeli akawa hajui acheke au alie. "Wamefurahi mno," alisema. "Wanasema hawajaona watoto wenye afya kama wa Temeke. Wanafikiri fedha wazipeleke kwingine, penye shida."

Mama akalipuka. "Mbuzi mzima! Tumewalisha mbuzi mzima!"

Mie nilikuwa kijana, nikaona jibu ni rahisi. Nikasema tuwaite tena, safari hii tuwatoe wagonjwa, tuvae matambara, tuwaonyeshe kweli.

"Kweli ni ipi?" Mama alinigeukia. "Pilau haikuwa kweli? Sare hazikuwa kweli? Sitamvua mtu nguo yake nzuri ili nipewe msaada. Sie si ombaomba, mwanangu."

"Lakini mama, na watoto uliowafungia ndani je? Nao si kweli?"

Alijifunga kanga yake akaingia ndani. Tulikaa siku kadhaa tukisalimiana kwa mdomo wa juu tu. Nikimwamkia "Shikamoo mama," naye "Marahaba," basi, kila mtu na jiko lake. Hata hivyo uji wa mwanangu aliendelea kuuleta asubuhi, akauweka mlangoni na kuondoka.

Kilichovunja ukimya ule ni mtoto wa jirani yetu fundi cherehani. Jumatano moja mama yake alimleta amekakamaa kwa homa, mvua inanyesha kama inamwagwa kwa ndoo, na barazani hapana hata mahali pakavu pa kumlaza. Mama mwenye nyumba aliwatoa watu, akamlaza mtoto kitandani kwake, akamshika mikono huku nesi akimpoza na kumpa dawa. Nje wanawake wengine walisubiri kwenye matope mpaka jioni. Yule mtoto alipona, na sasa ni baba wa watu. Lakini walipoondoka, mama alikaa kwenye kitanda kile kilicholoa, akaniita.

"Vaa vizuri kesho," alisema. "Tunakwenda mjini."

Mabibi wa mfuko walikuwa wakikutana kwenye ukumbi mmoja wenye mapazia mazito. Tulipoingia waliinuka kwa furaha, wakidhani tumekuja kushukuru. Mama alikataa kiti. Alizungumza amesimama, nesi akitafsiri pembeni yake.

"Mlikuja kwetu wageni, tukawapokea kama wageni. Kwetu mgeni haonyeshwi jikoni. Lakini anayetaka kujenga pamoja nami si mgeni tena, huyo anaingia mpaka uani. Sasa chagueni. Mkitaka kuwa wageni, karibuni siku yoyote, tutacheza. Mkitaka kujenga, njooni Jumatano, mvua ikinyesha, msituambie siku."

Niliona uso wa mwenyekiti ukiwa mwekundu, nikadhani tumekwisha. Kisha bibi mmoja mzee, ambaye hatukujua kama anajua lugha yetu, akauliza kwa Kiswahili safi cha Tanga, "Na pilau je?"

"Pilau hakuna," alisema mama. "Mtakuta mihogo, kama itakuwa imebaki."

Yule bibi alicheka, na wengine walipotafsiriwa nao wakacheka, hata mwenyekiti.

Walikuja kweli, tena Jumatano mbaya kuliko zote. Gari lilikwama kwenye matope, wakamalizia safari kwa miguu, viatu mkononi. Hakuna aliyewapigia vigelegele kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi. Mama mwenye nyumba alimwona mwenyekiti amesimama hana la kufanya, akamkabidhi mtoto mmoja mchanga aliyekuwa akilia, ili mama yake aingie ndani kutazamwa. Mtoto akamkojolea papo hapo, gauni zima. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mwenyekiti alikuwa bado amemkumbatia mtoto, anamrusharusha na kumwimbia kitu cha kwao, maji yakimtiririka kwenye kofia.

Siku ile waliona kila kitu. Waliona mwanamke aliyetoka Mbagala kwa miguu na tumbo la miezi minane. Waliona mizani ya mchele. Mwenyekiti aliuliza wajawazito wanatazamwa wapi, na mama, baada ya kusita kidogo, akamfungulia mlango wa chumba chake.

Msaada ulikuja kabla ya vuli. Walitoa mabati, saruji, kitanda cha kujifungulia na mizani yetu wenyewe, ile ya kumlaza mtoto. Sharti lao lilikuwa moja, kuta tujenge wenyewe. Hapo ndipo Temeke ilipoonyesha akili zake. Jumapili asubuhi, sie Wakristo tukiwa kanisani, Waislamu walichimba msingi na kupandisha mawe. Tukitoka ibadani wanaume wetu walivua makoti wakawapokea, nao wakaenda kuswali adhuhuri. Mume wangu, ambaye kwa mkono wake hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu, alipewa kazi ya kuchota mchanga. Alirudi nyumbani na malengelenge, akanionyesha kila moja kama nishani. Mhindi wa duka alileta misumari na rangi ya mlango, akasema anashukuru mchele wake sasa utapumzika.

Siku ya kufungua, mabibi walirudi na kofia kavu. Mama alipika pilau, maana sasa kazi ilikuwa imekwisha na wageni ni wageni. Mfuko ulibandika kibao chenye jina lake ukutani, lakini hakuna aliyelisoma. Mpaka leo wenyeji wa zamani ukiwauliza watakuambia pale ni "kwa nesi".

Habari zilitembea. Hazikupita siku nyingi wakaja wanawake wa Kinondoni, wamevaa vizuri, kutuuliza tulisema nini mjini tukapewa. Mama aliwauliza kama wana nesi. Wakasema wanaye. Akawauliza kama wana kiwanja. Hawakuwa nacho. Akawaambia waanze na kiwanja, kisha akajifunga kanga ya pili akafuatana nao, maana alikuwa hawezi kumwachia mtu mwingine kazi ya kuzungumza.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa kwenye kitanda kile cha msaada, mchana kweupe, soko likiwa limejaa. Mama mwenye nyumba alizuiwa mlangoni kwa sababu ya kelele zake. Akazunguka nyuma, akasimama chini ya dirisha, akawa ananiamrisha kutoka huko, sukuma, pumzika, sukuma, mpaka nesi akafungua dirisha na kumwambia, "Mama, mkunga ni mimi!"

"Basi zalisha haraka," alijibu, "huku nje tunasubiri."

Nilicheka katikati ya uchungu, na mtoto akatoka nikiwa bado nacheka. Alikuwa msichana. Nesi alimlaza kwenye mizani, akasoma uzito kwa sauti kubwa dirishani, na nikasikia vigelegele vikianza chini ya dirisha, vikapokewa na wauza samaki, vikasambaa soko zima.