Ua Chungu la Dafroza

Mwaka 1984 sabuni hakuna, sukari hakuna, na zahanati moja ya kijiji upande wa Butiama ilikuwaga na kabati tupu na mfagiaji mmoja, Dafroza. Darasa la nne, basi. Lakini homa ikimpanda mtu, anafuatwa yeye, kwa sababu ya kammea kachungu alikokuwa anakatoa mbuga kame ya kule Bunda, kwa miguu, na kukachemsha.

Jirani yake Eufrasia hakumwamini. "Anatunywesha majani ya ng'ombe huyo," alikuwa anasemaga kisimani.

Ndipo akaja Mniko, mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, na mbao zake za kubania maua. Magazeti ya kukaushia yalikuwa adimu, limebaki moja. Dafroza akampelekea ua la kale kammea kake. Watu wakajaa kuangalia, Eufrasia mbele.

Mniko alilitupia jicho tu. "Mama, hili tunalo. Limejaa njiani hapo." Akang'oa gugu, akaliweka pembeni ya lile. Yote mawili yana vimaua vyeupe vimezunguka vifundo vya shina, majani mawili mawili. Mapacha kabisa.

"Si niliwaambia," Eufrasia akasema. "Tumekunywa gugu."

Masikio ya Dafroza yaliwaka. Akinyamaza hapa, kesho hakuna atakayemfuata tena. Hakunyamaza.

"Mwanangu, hesabu vile vijani vya ua."

Mniko akahesabu. La njiani, vinne. La Dafroza, vitano.

"Sasa angalia jani linapoota. La njiani lina vinywele kama ndevu. La kwangu?"

"Halina."

"Haya, tafuna."

La njiani halikumfanya kitu. La pili likamkunja uso, akatema, akatema tena. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Jentiani," Mniko akasema, anafuta mdomo. "Ukoo wa mimea ya jentiani, mama. Wachungu ndio hao. Nina lenzi mfukoni na nimepitwa."

"Lenzi yako haina ulimi."

Mniko akalibania kwenye gazeti lile la mwisho, akatoa kalamu. "Aliyelikusanya naandika nani? Mfagiaji wa zahanati?"

"Andika Dafroza Nyamburi. Ufagio nimeuacha ndani."

Akaandika. Dafroza akasimama juu yake mpaka herufi ya mwisho.

Watu walipotawanyika, Eufrasia alibaki nyuma. "Mwenzangu, tangu jana nasikia baridi. Umebakiza kidogo?"

"Lipo," Dafroza akasema. "Ila wewe utalitafuna bichi."