Tezo la Kina Seremala

Jumatatu tulimzika kaka yangu hapa Kilosa. Msalabani wameandika Seremala, jina lililoanza na babu, alipotoka Songea kutengeneza milango ya kambi ya mkonge na karani akamwandika kwa kazi yake.

Nikakumbuka mchana ule wa utotoni, baraza ikinukia maranda ya mninga, babu alipompa kaka tezo lake la kuchongea.

"Na mimi, babu?"

"Wewe mama utaolewa, utachukua jina la huko."

Kaka akanitolea ulimi. "Seremala ni mimi!"

Nilidhani mwenye tezo ndiye mwenye jina, nikalifukia kwenye maranda. Kaka alipochapwa kwa kulipoteza, nilifurahi, mpaka lilipoonekana akarudishiwa.

Sikuolewa. Bado naitwa Seremala.

Jana, matanga yalipoanuliwa, wazee walileta tezo. Nilinyoosha mkono. Wakampa mtoto wa kiume wa kaka.