Dhahabu Iliyokuwa na Mwenyewe

Dhahabu haina harufu. Hilo sonara yeyote atakwambia. Lakini dhahabu ya nyanyangu ilinuka, tena ilinuka vizuri. Ilinuka udi na marashi ya waridi, ikanuka asumini zilizokauka tangu arusi za watu waliokwisha kuwa vikongwe, na kafuri kidogo, kwa sababu Nyanya hakuwaamini mende. Kila Ijumaa, wanaume wakishakwenda msikitini na mtaa wetu wa Kuze ukabaki na paka na wanawake, Nyanya alilifungua bweta lake, kisanduku cha mti chenye njumu za shaba, akatandika kitambaa cheupe juu ya mkeka, akavitoa vitu vyake kimoja kimoja: kidani kizito cha shingoni na timbi mbili za mikononi. Alivifukiza kwenye chetezo kama anavyofukizwa mtoto mchanga, akaweka kando kisahani cha halwa, kisha akakaa kimya, nami nikakaa kimya kuliko yeye. "Akishiba Mwenyewe, utakula," aliniambia. Mwenyewe alikuwa pepo. Jina lake halikutajwa nyumbani kwetu hata kwa kunong'ona. Yeye alikula harufu tu. Halwa niliimaliza mimi. Kwa hiyo, katika umri ambao watoto wenzangu walitishwa kwa mapepo, mimi nilimwona kuwa ni mgeni mstaarabu kupita wageni wetu wote: anakuja, ananusa, anaondoka, na sahani inabaki imejaa.

Nyanya naye alikuwa amerithi. Dhahabu ilitoka kwa mamake pamoja na Mwenyewe, wala haikuwezekana kupokea kimoja ukakikataa cha pili. Anayeichukua dhahabu amemchukua mwenye dhahabu, na udi wake, na halwa yake, na hasira zake akisahauliwa. Ilisemekana dada yake Nyanya, enzi za usichana wao, alikivaa kidani akaenda nacho ngomani bila kuomba ruhusa, na shingo ikamvimba hata akawa anageuka mwili mzima kama mlango. Niliisikia hadithi hiyo mara nyingi, kwani hakuna hadithi iliyonipita. Nilikuwa mtoto wa ndani. Jua lilinichosha, kamba ya kuruka ilinichosha zaidi, na skuli ndiyo usiseme. Dunia yangu ilikuwa ukumbi, jiko, na dirisha moja la kuchungulia. Mamangu akisema nyumba yetu ikishika moto, Mwanakombo, ndiye mimi, atauliza kwanza kama hauwezi kuzimwa bila yeye kutoka.

Nyanya alifariki katika kipupwe cha mwaka mmoja au miwili baada ya uhuru. Ilipokwisha arobaini, wanawe watatu walikaa ukumbini kugawana alivyoacha: Mama Mkubwa Rukia aliyekuwa wa kwanza, Mjomba Salim aliyesomesha watoto Kurani katika chuo chake cha uani, na mamangu, kitinda mimba. Babangu alikuwa baharia, yuko safarini, kama kawaida yake penye mambo mazito. Nyumba haikuwa na matata maana ilikuwa ya wakfu, na masufuria yaligawanywa kwa ugomvi mdogo wa heshima. Likabaki bweta. Mjomba akakohoa, akasema kwa sauti ya darasani, "Pepo harithi. Katika Kitabu fungu lake halimo. Fungu la mwanamume ni mara mbili la mwanamke, basi kidani changu mimi, na nyinyi kila mmoja timbi yake." Hakuna aliyepinga, kwani sharia ni sharia.

"Haya, chukua chako," akasema Mama Mkubwa.

Mjomba akalitazama bweta, akaitazama saa yake. "Sina haraka. Tena kanzu hii mfuko wake mbovu."

"Mfuko mbovu! Kwani kidani ni mchele, kitamwagika?"

"Basi tangulia wewe, Dada. Wewe ndiye mkubwa."

"Mwanamume ndiye hutangulia, Salim. Si umetwambia sasa hivi fungu lako ni mara mbili?"

Watu hawa niliwajua. Hawakuwahi kupishana kwenye sinia la pilau maisha yao yote. Siku hiyo walipishana kwa adabu kama wageni mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake karibu, tafadhali, wewe kwanza. Wiki zikapita, na bweta likakaa pale pale chumbani kwa Nyanya. Wala usidhani hawakulitaka. Mapaa ya chuo cha Mjomba yalivuja, mvua ikinyesha wanafunzi wakisoma huku wamejifunika vikapu. Mama Mkubwa alikuwa akimwoza bintiye Maimuna, na wakwe walikuwa watu wa macho makali. Bibi arusi asiye na kitu shingoni wangemwimba mpaka awe na wajukuu. Mama alikuwa na ndoto ya cherehani. Lakini mwoga kuliko wote alikuwa yeye. Alikifagia chumba kizima, akaliacha duara la vumbi kulizunguka bweta, akatoka kinyumenyume.

Mama Mkubwa ndiye aliyepata dawa. Alikwenda Majengo kwa bibi mmoja fundi wa mapepo, akarudi na uso wa ushindi. "Mwenyewe apewe msichana asiyevunja ungo," alisema. "Atatulia kwake kama maji mtungini, na dhahabu itakuwa huru, tutaitumia tupendavyo. Mtoto hana dhambi, hatamfanya kitu. Sharti ni kwamba asitoke nje ya nyumba. Skuli basi, mpaka awe mwari." Kisha akageuka, na Mjomba akageuka, wakanitazama nilipokuwa nimelala kifudifudi mkekani nikihesabu boriti. "Tena huyu hatoki hata akifukuzwa," akasema Mama Mkubwa kwa upole mkubwa. "Kazi hii kazaliwa nayo."

Mamangu aliokota ufagio akaenda kufagia uani. Mimi nilifurahi. Hakuna skuli, hakuna hesabu, na halwa kila Ijumaa bila mshindani! Nilikuwa kama mbuzi aliyesikia sikukuu inakuja, akashangilia kwamba kutakuwa na wageni.

Nikavikwa kanga nyeupe, nikakalishwa mkekani karibu na bweta, na ufalme wangu ukaanza. Kumbe mfalme hana siri. Nilipiga chafya, Mama Mkubwa akaruka: "Haupendi udi huu! Anataka ule wa bei." Nikaacha samaki kwa sababu ya miba, ikatangazwa mpaka mtaa wa Mkanyageni kwamba Mwenyewe hali samaki wa miba. Mjomba alikuja kila asubuhi akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mwanakombo, unaonaje leo?"

"Naona usingizi, Mjomba."

"Anasinzia," akajiambia. "Basi leo si siku njema." Na akaenda zake bila kidani.

Siku za mwanzo nilicheka moyoni. Kisha kicheko kikaanza kunywea. Maimuna, aliyekuwa akinisuka nywele na kunivuta masikio, sasa alilisukuma shanuo kwa kidole kutoka mlangoni akakimbia. Hakuna aliyeniita mvivu, wala aliyeniambia nisogee apite. Hata halwa, isipogombaniwa, ladha yake ni nusu. Mama aliniletea chakula huku macho yake yako sakafuni, na nilipomuuliza, "Mama, na Mwenyewe akinipenda sana itakuwaje?" alikwenda jikoni, nikasikia mfuniko wa sufuria ukianguka.

Ijumaa ya arusi ilipokaribia, Mama Mkubwa aliingia na sinia: halwa ya lozi, marashi, udi wa bei. Alikuja kukiomba kidani, akisema nduguye Salim atamwelewa. Akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mzima mwenye mwili wake, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Kwetu mtoto ndiye huamkia. Mama Mkubwa alinifunza shikamoo hiyo kwa kunifinya, na leo ananipa mimi! Sikujua kama nijibu marahaba au nijifiche chini ya mkeka. Nikageuka kutazama nyuma yangu, nione ni nani aliyeamkiwa, na hapo ndipo hofu iliponiingia barabara, nikaangua kilio.

Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Alitoka mbio, mikono imejaa machicha, akatukuta vile. Akamtazama dada yake aliyepiga magoti, akanitazama mimi. Halafu akafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nywele zinanisimama. Akasema bismillahi, akalifungua bweta bila udi wala marashi, akakivaa kidani shingoni, akatia timbi zote mbili mikononi.

"Shikamoo yako wapelekee wakubwa wenzio, Dada. Mwanangu ana miaka tisa."

"Vua, weye! Vua, utakufa!"

"Nikifa, wali uko motoni, mtaupakua." Akarudi jikoni, akakaa juu ya mbuzi, akaendelea kukuna nazi.

Alishinda navyo. Mjomba aliitwa akaja, na yeye aliyetufundisha kwamba pepo harithi alisimama barazani akisoma Ayatul Kursi bila kituo. Majirani walijaa uani. Wote waliitazama shingo ya mamangu kama mtu anavyotazama maziwa motoni, na kidani kiliningʼinia mbele yake kikizama katika nazi na kuibuka cheupe. Mimi nilikuwa karibu, niliiona mikono yake. Ilipitiliza nazi ikakuna na kifuu, na tui la siku ile lilikuwa na chenga za kuvunja meno. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Miaka baadaye aliniambia kwamba hakutarajia kuifikia magharibi, na alikuwa amekwisha kumwonyesha jirani kabati lenye sanda yake.

Alasiri ilipoadhiniwa, alivivua, akavisuuza kwa maji ya mtungi, akaviweka juu ya sinia la Mama Mkubwa. "Haya. Kama ana ugomvi, anitafute mimi. Na huyu kesho kutwa anakwenda skuli."

Asubuhi yake Mjomba alifika kabla hatujatia chai majani, na kanzu yake ilikuwa na mfuko mzima. Mapaa yakasubiri kidogo, kwani dada yake alikiazima kidani kwanza, na Maimuna alitolewa shingo yake iking'aa, haijavimba. Mama alipata cherehani. Mimi nililia nikipelekwa skuli kuliko nilivyolia mbele ya pepo, nikaenda hivyo hivyo nikijikokota mpaka nikamaliza kidato cha nne. Wahenga husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Kwetu siku ile mwoga na shujaa alikuwa mtu mmoja, na kicheko kilibaki jikoni kwake.

Wenzangu wa mtaa ule wamefika Maskati na London. Mimi nimefika Ganjoni, mji ule ule, na safari hiyo bado inanichosha. Ninayo nyumba ya ghorofa moja aliyoniachia marehemu mume wangu. Siku hizi watu hawapishani tena kwenye urithi. Maiti hajapoa, wakili ameshapanda ngazi, na ndugu wa tumbo moja wanakutana kortini bila kuamkiana. Sisemi zamani watu walikuwa wema. Nimekwisha kukueleza walivyokuwa. Lakini tamaa yao ilikuwa na mwenzake, woga, wa kuishika kanzu, na katika kusitasita huko walikaa miezi mitatu chumba kimoja, wakinywa kahawa pamoja, wakitaniana. Wanangu wanne wameanza kunizuru kila Jumapili. Wananiuliza afya yangu, kisha, kwa adabu kubwa, wanauliza hati ya nyumba iko wapi. Ninawapikia, ninawatazama wanavyotazamana, ninasikitika kidogo tu: nitawaachia kuta, milango na tangi la maji, lakini sina pepo hata mmoja wa kuwakalisha pamoja.